Kutafuna, Kunywa, Kupaka: Asali ya Sikonge na Ndimi za Wanaoila

Kando ya barabara inayotoka Tabora kwenda Sikonge na kuendelea kusini, asali huuzwa katika chupa za maji ya kunywa. Zikipangwa mezani na jua likizipiga, utaziona rangi zote, kuanzia ile ya chai ya rangi isiyokolea hadi weusi wa kahawa. Abiria aliyeshuka kwenye basi la kutoka mbali mara nyingi huinyooshea kidole ile nyeupe, kisha huishika ile nyeusi kwa mashaka.

“Mama, hii haijachakachuliwa kweli?”

“Baba, hiyo nyeusi ndiyo asali yenyewe. Hiyo nyingine nimewawekea wageni.”

Jibu hilo lina historia ndefu. Mnunuzi na muuzaji hawabishani juu ya nyuki wala maua. Wanabishana juu ya kipi ni asali na kipi ni uchafu ndani yake, na jambo hilo limebadilika mara kadhaa tangu siku za misafara ya pembe za ndovu. Ukitaka kulifuatilia, fuata vitenzi. Kwanza asali ya nchi hii ilitafunwa, kisha ikanywewa, na mwishoni ndipo ikapakwa kwenye mkate.

Kutafuna

Wilaya ya Sikonge imelala katika misitu ya miyombo, makazi ya Wanyamwezi na, kuelekea kusini, Wakimbu, ambao kwa majirani zao wanajulikana kama watu wa msitu. Ardhi si ya rutuba nyingi, na mbung’o wamewazuia ng’ombe kwa miaka mingi. Kinachostawi bila kulimwa ni maua ya miti. Kwa hiyo watu waliwageukia nyuki. Walichonga magogo wakayatoboa katikati, au walibandua gome la mti zima kama bomba, wakaziba ncha zake na kuitundika mizinga hiyo juu kabisa, mbali na moto wa nyasi na nyegere. Kila mwenye mizinga alikuwa na alama yake, na hadi leo mfugaji mmoja anaweza kuwa na mizinga mamia iliyotawanyika porini, mwendo wa siku nzima kutoka nyumbani.

Richard Burton na John Speke walipofika Kazeh, jirani na Tabora ya leo, tarehe 7 Novemba 1857, walikuwa wamekwisha kuiona mizinga hiyo njiani, na Burton aliieleza katika kitabu chake cha safari. Kiswahili kilikuwa kimekwisha kulipa neno mzinga kazi mbili: nyumba ya nyuki na silaha ya kutupa makombora. Ukiutazama mzinga wa gogo ukiwa umelazwa kwenye tawi huhitaji kuelezwa sababu.

Kurina kulikuwa kazi ya usiku. Mrinaji alipanda na mwenge wa nyasi kavu au magome yanayofuka, akapuliza, akakata masega kwa kisu na kuyateremsha. Kilichofika chini kilikuwa mchanganyiko wa asali, chavua chungu, watoto wa nyuki weupe, majivu na harufu ya moshi iliyoingia kila chembe. Watu walitafuna vyote kwa pamoja, wakameza kinachomezeka na kutema nta. Watoto wa nyuki walikuwa mafuta na nyama. Chavua ilitia uchachu. Moshi ulikuwa kama moshi kwenye samaki mkavu. Aliyekua na asali hiyo, ukimpa iliyochujwa na kung’aa atakwambia ni maji ya sukari.

Nta iliyotemwa haikuwa na thamani kubwa. Kidogo chake kilitumika kuweka sawa sauti ya ngoma na kushikiza mpini wa kisu. Iliyobaki ilikuwa ya mlembe, yule ndege mdogo anayewaita watu kwa kelele na kuwaongoza mpaka kwenye nyuki. Mlembe ni miongoni mwa viumbe wachache wanaoweza kula nta na kuisaga tumboni. Desturi ilikuwa kumwachia kipande cha sega juu ya kisiki, maana asipolipwa, wazee walisema, safari ijayo atakupeleka kwa nyoka.

Kunywa

Asali nyingi, hata hivyo, haikuliwa. Ilichachishwa. Katika Kinyamwezi nyuki ni nzuki, na pombe yao ndiyo wanzuki, jina lililovuka mipaka ya Unyamwezi hadi likaingia katika vilabu vya pombe nchi nzima. Masega yalipondwa na kuoshwa kwa maji ya vuguvugu, nta ikaelea na kuenguliwa, na maji matamu yaliyobaki yakawekwa pahali pa joto katika chungu kilichobeba chachu ya pombe iliyotangulia. Baada ya siku chache chungu kilianza kuunguruma.

Sayansi ya jambo hili ni nyepesi. Asali hubeba chachu za porini tangu kwenye maua, lakini ikiwa nzito chachu hizo hulala, kwa kuwa sukari inazinyima maji. Ukiongeza maji huamka. Kwa hiyo asali nyepesi, iliyorinwa kabla nyuki hawajaifunika kwa nta, huchacha yenyewe hata ndani ya kibuyu, na katika nchi ya wanywaji wa wanzuki hiyo haikuwa hasara.

Njia ya misafara iliikuza kiu hiyo. Tabora palikuwa njia panda: kutoka hapo njia moja ilikwenda Ujiji, nyingine Karagwe na Buganda, na nyingine kusini kupitia Ukimbu. Wapagazi Wanyamwezi walibeba pembe hadi Bagamoyo, na waliporudi walikuwa na kaniki, shanga na hamu ya kwao. Nta na asali havikupata nafasi kubwa mabegani mwao. Mzigo wa mtu mmoja ulikuwa frasila mbili hivi, na frasila moja ni kama kilo 16. Mwenye msafara aliyelipa mabega kwa miezi mitatu alichagua pembe. Asali ilibaki kwao, ikageuka posho, zawadi kwa mtemi na pombe ya ngoma. Waarabu na Waswahili waliojenga Tabora na Kwihara nao waliithamini kwa namna yao: ilikuwa tunu ya mezani na dawa, kama inavyotajwa katika sura ya Nyuki ndani ya Kurani. Mji mmoja hivyo ukawa na ndimi mbili, wa kunywa na wa kuramba.

Machicha yanageuka mali

Wajerumani walileta ulimi wa tatu, ambao haukuitaka asali kabisa. Kodi ya kibanda ilitangazwa mwaka 1897, na watu wa bara walihitaji rupia. Viwanda na makanisa ya Ulaya vilihitaji nta kwa mishumaa na rangi ya kung’arishia. Kile kilichokuwa kikitemwa na kuenguliwa kikawa fedha. Reli ya Kati ilipofika Tabora mwaka 1912, sharti la bega la mpagazi likaondoka, na nta ikasafirishwa kwa behewa.

Wamoravian, walioipokea misheni ya Urambo mwaka 1898 na kisha wakajenga Sikonge, walitoka katika kanisa lililoijua nta vizuri: huko Marienborn, Ujerumani, mwaka 1747 waumini wao walianza desturi ya kuwapa watoto mishumaa ya nta katika ibada ya Krismasi. Mti mmoja wa Unyamwezi ungeweza sasa kuwalisha walevi kwa asali yake na kuiangazia ibada kwa nta yake.

Mageuzi kama hayo yalikuwa yakitokea Uingereza wakati uleule. Mwaka 1902, katika mji wa viwanda vya bia wa Burton upon Trent, kampuni iliundwa kununua chachu iliyobaki mapipani, kuisindika na kuiuza kama uji mweusi wa chumvi wa kupaka kwenye mkate. Waliuita Marmite. Mkemia Mjerumani Justus von Liebig ndiye aliyekuwa ameonyesha kwamba chachu inaweza kukolezwa na kuliwa. Waingereza walioonjeshwa utotoni huupenda hadi uzeeni. Wengine huukunjia uso. Kule machicha ya pombe yaligeuka chakula. Huku machicha ya pombe yaligeuka kodi. Lakini Burton upon Trent waliamua wenyewe kula masalia yao. Sikonge, uamuzi kwamba nta ni mali na asali ni ziada ulitoka nje.

Ulimi wa watu haukusalimika. Njia ya haraka ya kupata nta ni kuyachemsha masega, na asali iliyochemshwa pamoja nayo huungua na kuwa nyeusi zaidi na chungu kidogo. Hiyo ilifaa kwa pombe tu. Miaka ya ukoloni wa Waingereza iliendeleza mtindo huo. Vita dhidi ya malale viliwahamisha watu wengi wa magharibi mwa Tanganyika kutoka misituni na kuwakusanya katika makazi ya pamoja, hivyo pori likabaki la nyuki, na warina asali wakawa wanakwenda kupiga kambi huko kwa majuma mengi. Mwaka 1949 serikali ilianzisha kitengo cha ufugaji nyuki, na hesabu zake ziliitazama nta kuliko asali.

Kupaka

Mkate uliingia katika historia hii kwa mlango wa ajabu. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia Waingereza walikuwa na uhaba wa mafuta ya kula na ya kupaka mkate, na mwaka 1947 walianza kulima karanga kwa matrekta huko Kongwa, Nachingwea na Urambo. Mpango ulikufa mwaka 1951 baada ya kumeza mamilioni ya pauni. Huko Urambo miti iliyokuwa malisho ya nyuki iling’olewa ili kumpakia mkate mtu wa London, na nafasi ya karanga ikachukuliwa na tumbaku, ambayo hadi leo hukaushwa kwa kuni za miyombo.

Mwaka 1962 wafugaji nyuki wa Tabora walisajili chama chao cha ushirika. Hapo ndipo asali yenyewe ilipoanza kutafutiwa soko la mbali, na soko hilo lilikuja na vipimo. Kiwango cha kimataifa kinataka maji yasizidi asilimia 20, isije ikachacha. Kinakataza kuipasha moto kupita kiasi. Hakitaki majivu wala watoto wa nyuki. Vyote vilivyokuwa utamu wa mtafunaji vikawa dosari kwenye karatasi ya maabara. Sera ya Taifa ya Ufugaji Nyuki ya 1998 na sheria ya 2002 ziliyapa matakwa hayo nguvu ya nchi. Mizengo Pinda alipokuwa waziri mkuu, kati ya 2008 na 2015, aliihubiri mizinga ya kisasa huku mwenyewe akifuga. Mizinga ya masanduku hutundikwa chini, wanawake wameingia katika kazi iliyokuwa ya wanaume wapanda miti, na mizinga hiyo haihitaji miyombo ibanduliwe magome hadi kufa. Kwenye mizinga hiyo bomba la moshi limechukua nafasi ya mwenge, hivyo asali yake haina tena harufu ya jivu.

Faida hizo si ndogo, na hakuna mrinaji atakayezidharau. Lakini kijana wa Sikonge aliyezaliwa na chupa ya plastiki mezani sasa hupaka asali kwenye mkate wa dukani asubuhi, na akipewa sega lenye chavua hutema kama babu yake alivyotema nta. Mabaki nayo yameanza kupanda cheo tena. Chavua inauzwa peke yake kama lishe, gundi ya nyuki kama dawa, na asali ya nyuki wadogo wasiouma, nyepesi na yenye uchachu, ina bei kuliko ya nyuki wakubwa. Ujerumani, nchi iliyoitaka nta tupu, leo ina walaji wanaolipa zaidi kwa asali nyeusi ya misitu yao.

Pori lenyewe limepungua. Tumbaku na mashamba vimelisogelea, na mwaka 2019 sehemu ya Pori la Akiba la Ugalla ilipandishwa kuwa Hifadhi ya Taifa ya Mto Ugalla, ambamo shughuli za kurina hazina nafasi. Waliobaki na mizinga nje ya mipaka hurudi na ndoo zenye vifuniko: asali safi katika moja, masega ya nta katika nyingine, kila kitu na mnunuzi wake. Kinachobaki ni sega kuukuu, jeusi, lililojaa maganda ya watoto wa nyuki, lisilotoa nta ya maana wala asali ya kupimwa. Hilo mrinaji huliweka juu ya kisiki kabla hajaondoka, na mlembe huteremka kutoka tawini na kulila.