Kabla ya skrini palikuwa na leso

VIJANA wanaosanifu nembo, mabango, tovuti na michoro inayocheza kwenye simu huzungumza sana kuhusu ilhamu. Ukiwauliza huipata wapi, wengi watakutajia kazi walizoziona mtandaoni kutoka New York, London au Tokyo. Si vibaya. Msanii asiyetazama kazi za wenzake hudumaa. Ila mimi niliyezeeka katika historia ya lugha nina swali la pili: ukishakichukua cha mwenzio, unakifanyaje kikawa chako?

Jibu halihitaji safari ndefu. Limefungwa kiunoni mwa mama zetu wa pwani. Nazungumzia leso, ambayo ndugu zetu wa Unguja na Dar es Salaam huiita kanga.

Tuanze na jina, maana majina hayadanganyi. ‘Leso’ ni neno la Kireno, lenye maana ya kitambaa cha mkononi. Yasimuliwa kwamba katikati ya karne ya 19 wanawake wa pwani walikuwa wakinunua vitambaa hivyo vikiwa bado havijakatwa, wakaviunganisha kwa sindano, vitatu juu na vitatu chini, wakapata vazi moja pana. Nao madoadoa ya vitambaa vya mwanzo, yasemekana, yaliwakumbusha watu ndege aitwaye kanga. Basi tazama: kitu kimoja kina majina mawili, moja la mgeni aliyekileta na jingine la ndege wa porini kwetu. Hapo tayari ukopaji umeanza kugeuka umilikaji.

Vazi hili halikuwa pambo tu. Kabla yake, watumwa na maskini wa pwani walivaa merikani, yaani pamba nyeupe isiyotiwa rangi iliyoletwa na wafanyabiashara wa Marekani, au kaniki, nguo iliyotiwa rangi nzito ya nili. Amri ya kukomesha utumwa Unguja na Pemba ilipotoka mwaka wa 1897, wanawake waliokuwa watumwa waliziacha nguo hizo na kujitanda kanga zenye rangi na maua. Mtu aliyekuwa akitambuliwa kwa nguo ya unyonge alijitambulisha upya kwa mchoro. Anayedhani usanifu ni kazi ya kuremba tu na aitafakari habari hiyo.

Je, leso hizo zilichapishwa wapi? Hapa ndipo wengi hushangaa. Kwa miongo mingi zilichapishwa Uingereza, Uholanzi, India na hata Japani. Viwanda vyetu, kama kile cha Urafiki cha Dar es Salaam, vilikuja baadaye sana, baada ya uhuru. Mchapishaji, basi, alikuwa Mzungu au Mwasia, lakini mwamuzi alikuwa mwanamke wa Mombasa au Unguja. Mtindo ukimchosha, haununui, na mzigo unamdodea mwenye duka. Wafanyabiashara walijifunza haraka kumsikiliza kabla ya kuagiza.

Mfano ninaoupenda zaidi ni mchoro wa tone lililopinda ncha, ambao asili yake ni Uajemi na Kashmir. Wazungu nao waliuchukua, wakaupa jina la mji wa Paisley kule Scotland ulikofumwa kwa wingi. Wanawake wetu walipouona hawakuuliza unaitwaje huko utokako. Waliutazama, wakaona korosho. Mpaka leo unaitwa korosho. Kwa neno moja, mchoro uliozunguka nusu ya dunia ukapata uraia wa pwani. Huko ndiko kupata ilhamu ninakokusema: kutazama cha mbali kwa jicho lako na kukiita kwa ulimi wako.

Kisha leso ikaanza kusema. Mapema katika karne ya 20, misemo ilianza kuchapishwa juu yake, mwanzoni kwa hati za Kiarabu na baadaye kwa hati za Kirumi. Anayetajwa mara nyingi katika mageuzi hayo ni Kaderdina Hajee Essak, mfanyabiashara wa Mombasa aliyejulikana kwa jina la Abdulla, ambaye biashara yake ilianza mwaka wa 1887. Alama ya ‘Mali ya Abdulla’ ingali inaonekana kwenye leso katika barabara ya Biashara mjini humo. Tangu hapo mwanamke aliweza kumjibu jirani mbeya, kumtania wifi au kumshukuru mamake bila kufungua kinywa. Anapita tu, na aliyekusudiwa anasoma.

Hebu sasa tuitazame leso kama ukurasa. Pembeni kuna pindo, linalozunguka pande zote nne. Katikati kuna mji, ambamo mchoro mkuu unakaa. Sehemu ya chini ya mji kuna jina, yaani ule ujumbe, ambao kwa kawaida huandikwa kwa herufi kubwa ili usomeke na aliye mbali. Nazo leso huuzwa mbili mbili, ndiyo doti. Msanifu wa tovuti ana matatizo yayo hayo: mpaka utakaolishika jicho, uwanja wa katikati usiosongamana, na maneno machache yatakayosomwa na mtu anayepita mbio. Hata mwendo umo, kwa kuwa leso haikusanifiwa ining’inie ukutani. Ilisanifiwa ivaliwe, ikunjwe, ipepee, na bado ieleweke.

Kwa nini basi wanafunzi wetu wa usanifu hawana maneno ya kuyasema haya kwa Kiswahili? Nimewasikia vijana wenye vipaji wakieleza kazi zao, na kila penye dhana muhimu wanahamia Kiingereza, ati Kiswahili hakina istilahi. Kumbe pindo, mji na jina vipo, na vimefanya kazi kwa zaidi ya karne. Tatizo ni kwamba hatukuwahi kuvihesabu kuwa elimu, kwa kuwa waliovitumia walikuwa wanawake dukani wala si maprofesa darasani.

Kwamba sanaa yetu inaweza kupanda kwenye skrini si ndoto. Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru aliyefariki mwaka wa 1972, alichora wanyama na ndege jijini Dar es Salaam kwa rangi za kung’aa, kwenye mbao za bei nafuu. Mnamo 2010 watoto wa Uingereza walianza kutazama kwenye televisheni kipindi cha katuni cha Tinga Tinga Tales, kilichohuishwa na vijana wetu hapa Nairobi kwa kuufuata mtindo ule ule. Twiga wa ubaoni akatembea. Kazi hiyo ilitazamwa ng’ambo bila kuficha ilikotoka.

Lakini tusisahau upande wa pili. Katika muongo wa kwanza wa karne hii, kampuni moja ya Uingereza iliomba kusajili huko neno ‘kikoy’ liwe alama yake ya biashara. Laiti ombi lingepita, mfumaji wa kikoi wa Kenya angezuiwa kuiuza nguo yake katika soko hilo kwa jina aliloachiwa na mababu. Pingamizi zilitolewa, na ombi likafa. Funzo ni kwamba neno lisilotunzwa na wenyewe lina wateja wengine.

Kwa hivyo nina ombi kwa idara za Kiswahili na za sanaa katika vyuo vyetu. Wapelekeni wanafunzi Mombasa, Lamu na Unguja wakakae na mabibi wanaojua majina ya michoro, wayaandike na kuyapiga picha. Majina mengi kama ‘korosho’ yamo vichwani mwa watu wa umri mkubwa, na maktaba ya aina hiyo haina nakala. Kisha istilahi hizo ziingie katika mihadhara, kamusi na programu za kusanifia.

Nanyi vijana, endeleeni kuzitazama kazi za Tokyo na New York. Bibi zenu nao walitazama vya Kashmir na Manchester. Tofauti ni kwamba wao walipokiona kitu walikipa jina kwanza, ndipo wakakivaa.