Mgongo uliopinda: historia ya mazoezi yaliyokataliwa, kisha yakarudi

Msomaji, tuanzie Itiryo, wilayani Tarime. Binti wa miaka 12 ameinama kufagia uwanja, na upande mmoja wa mgongo wake unaonekana umepanda kuliko mwingine. Maelezo huja haraka: eti ni ndoo za maji, eti ni kuni, eti anakaa vibaya darasani. Ndoo inaweza kuuchosha mgongo, ndiyo. Lakini mpindo wa kando unaoitwa skoliosisi, unaowapata vijana 2 hadi 3 kati ya kila 100, mara nyingi hauna chanzo kinachojulikana. Mama hajakosea, mtoto naye hajakosea.

Swali linalobaki ni la tiba: je, mazoezi yanasaidia? Jibu lake limegeuka mara mbili ndani ya miaka 100, na sababu ya kugeuka inafaa uijue.

Zamani watu walitumia nguvu. Wagiriki wa kale walimlaza mgonjwa wakamvuta kwa mitambo. Katika karne ya 16, Mfaransa Ambroise Paré aliwavisha wagonjwa mabati ya chuma kifuani. Wazo lilikuwa rahisi: kilichopinda kinyooshwe. Tatizo ni kwamba mgongo huu haupindi tu, unajisokota pia, kama kitambaa cha deki kinapokamuliwa. Mbavu za upande mmoja zinatokeza nyuma, za upande wa pili zinabonyea.

Huko Ujerumani, Katharina Schroth aliyajua hayo kwa mwili wake. Alizaliwa Dresden mwaka 1894, mgongo wake ukapinda, akavishwa mkanda wa chuma akiwa kijana. Siku moja aliona mpira wenye kishimo ukijazwa upepo, na kishimo kikainuka. Basi akajaribu kuvuta pumzi akiielekeza upande wake uliobonyea, huku akirefusha kiwiliwili na kujitazama kwenye vioo. Mwaka 1921 alianza kuwafundisha wengine mjini Meissen. Hakuwa daktari, na madaktari wengi hawakumpokea vizuri.

Mwaka 1941 likaja pigo. Kamati ya chama cha madaktari wa mifupa wa Marekani ilipitia wagonjwa 425. Kati ya waliotibiwa kwa mazoezi, takriban 60% walizidi kupinda. Ukisoma hivyo utasema mazoezi hayafai kitu, na wengi walisema hivyo hivyo. Miaka ya 1950, Paul Harrington wa Houston akaanza kunyoosha migongo ya watoto, wengi wao wa polio, kwa vyuma vilivyofungwa kwenye uti wenyewe. Upasuaji ukashika nafasi, mazoezi yakawekwa kando. Schroth na binti yake Christa wao waliendelea, na mwaka 1961 wakahamia Sobernheim.

Sasa simama kidogo kwenye hiyo 60%. Wangekuwa wangapi kama wasingefanya mazoezi kabisa? Ripoti ile haikuwa na kundi la kulinganisha. Na mazoezi yenyewe yalikuwa ya kila aina, si yale yanayolenga mpindo wa mtoto husika.

Uzito wa ulinganisho ulionekana mwaka 2013, katika utafiti wa Marekani na Kanada juu ya mkanda mgumu wa mgongo. Waliovaa mkanda, 72% walimaliza kukua bila mpindo kufika nyuzi 50, kiwango ambacho upasuaji hufikiriwa. Wasiovaa walikuwa 48%. Umeona? Karibu nusu walivuka hata bila mkanda. Bila kundi la pili, usingejua kipi ni kazi ya tiba na kipi ni bahati ya mwili.

Mwaka uliofuata, Waitaliano walipima mazoezi kwa njia hiyo hiyo kwa vijana 110 wenye mipindo midogo. Waliofundishwa kujirekebisha wenyewe, mpindo ulipungua kwa takriban nyuzi 5; waliofanya mazoezi ya kawaida walibaki karibu pale pale. Nyuzi 5 si muujiza. Ila kwa mtoto anayekua, hata kuzuia mpindo usiongezeke ni ushindi. Mpindo mkubwa bado unahitaji mkanda au upasuaji.

Kwa mzazi wa Itiryo, ujumbe ni huu: mazoezi yanafaa mpindo ukiwa bado mdogo, kwa hiyo kuona mapema ndiyo nusu ya tiba. Kipimo kilielezwa na William Adams wa London mwaka 1865 na hakina gharama. Mtoto asimame miguu pamoja, ainame mbele mikono ikining'inia, nawe utazame mgongo ukiwa nyuma yake. Upande mmoja ukipanda, nenda hospitali ya wilaya Tarime. Rufaa huendelea Musoma, kisha Bugando, Mwanza. Uliza kuhusu picha ya eksirei na mtaalamu wa fiziotherapia.

Tahadhari moja: kibiongo chenye maumivu, homa za jioni, kukonda au miguu kulegea kinaweza kuwa kifua kikuu cha mifupa. Hapo usimpe mtoto mazoezi yoyote. Mpeleke akapimwe kwanza, maana ugonjwa huo una dawa, na zinatolewa bure.