Kupima mbio za wachezaji wa besiboli

Kongamano la vilabu vya besiboli lililofanyika New York mwaka 1857 liliweka umbali wa futi 90, yaani mita 27.4, kati ya kituo na kituo. Kipimo hicho hakijabadilika, na ndicho kilichowapa wasaka vipaji wa Marekani rula yao ya kwanza: muda wa mpigaji kutoka kugonga mpira hadi kukanyaga kituo cha kwanza. Wastani ukawa sekunde 4.3 kwa mpigaji wa mkono wa kulia na 4.2 kwa wa kushoto, kwani huyu husimama karibu zaidi na kituo hicho.

Kwa vijana wanaofanyiwa majaribio ilizoeleka mbio ya yadi 60, sawa na vituo viwili. Hapa ndipo wengi hukosea hesabu. Sekunde 4.3 mara mbili ni 8.6, lakini mchezaji yuleyule humaliza yadi 60 kwa takriban sekunde 7. Mpigaji hupoteza muda akimalizia kuzungusha gongo, kisha akijikusanya kuondoka. Mwendo ukishakolea, futi 90 za pili huliwa upesi zaidi.

Tangu 2015 mfumo wa Statcast umepima mbio katika viwanja vyote vya Ligi Kuu ya besiboli. Kipimo chake cha kasi si cha umbali mzima, bali ni futi anazokimbia mchezaji katika sekunde yake ya kasi zaidi. Wastani ni futi 27. Anayefikisha 30 huhesabiwa miongoni mwa wenye kasi kubwa kabisa.