Maafa yakizuka Baba Dogo: Jinsi mashirika ya misaada yanavyogawana kazi

MAFURIKO, moto au ghasia zinapozuka katika mtaa kama Baba Dogo, wa kwanza kumfikia mwathiriwa huwa ni jirani yake. Baadaye ndipo hufika vijana wa kujitolea wa Msalaba Mwekundu, maafisa wa utawala na wa kaunti, na hatimaye magari yenye nembo za mashirika ya kimataifa. Kwa mtazamaji, magari hayo huonekana kana kwamba yamekuja kila moja kwa njia yake. Nyuma yake, hata hivyo, kuna utaratibu mrefu uliojengwa kwa zaidi ya miaka 30. Ufanisi wa utaratibu huo hutegemea jambo linaloonekana dogo: jina la mwathiriwa kuwa katika orodha.

Baba Dogo ni wadi ya eneobunge la Ruaraka, Kaunti ya Nairobi, pamoja na Korogocho, Lucky Summer, Utalii na Mathare Kaskazini. Viwanda na makazi vimepakana, na wakazi wengi ni wapangaji wanaohama mara kwa mara. Hali hiyo hufanya kazi ya misaada kuwa ngumu kuliko kambini, ambako wahitaji wote huwa wamekusanyika mahali pamoja na idadi yao inajulikana.

Chimbuko la uratibu

Msingi wa mfumo wa sasa uliwekwa Desemba 19, 1991, Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilipopitisha azimio nambari 46/182. Azimio hilo liliunda wadhifa wa mratibu mkuu wa misaada ya dharura, likaagiza misaada itolewe kwa kuzingatia utu na pasi na upendeleo. Aidha, lilisisitiza kuwa jukumu la kwanza la kuwahudumia waathiriwa ni la serikali ya nchi husika, na kwamba mashirika ya nje huja kwa ridhaa yake.

Mnamo 1998 idara iliyokuwa ikisimamia kazi hiyo iligeuzwa kuwa Ofisi ya Kuratibu Misaada ya Kibinadamu, inayojulikana kwa ufupi kama OCHA. Kinyume na wanavyodhani wengi, ofisi hii si ya kugawa unga wala blanketi. Kazi yake ni kukusanya takwimu, kuandaa mikutano ya mashirika, kuchora ramani ya nani anafanya nini na wapi, na kuwaombea wahitaji fedha kwa wafadhili.

Umuhimu wa kazi hiyo ulidhihirika kwa uchungu katika kanda hii. Baada ya mauaji ya halaiki nchini Rwanda mwaka wa 1994, mamia ya maelfu ya wakimbizi walimiminika Goma, mashariki mwa Kongo, na maelfu kwa maelfu wakaangamizwa na kipindupindu. Mashirika yaliyokimbilia huko yalikuwa mengi, lakini hayakuwa na kipimo kimoja cha huduma. Funzo hilo lilichangia kuanzishwa kwa mradi wa Sphere mnamo 1997, ambao uliweka viwango vya chini kabisa: maji lita 15 kwa kila mtu kwa siku, nafasi ya mita 3.5 za mraba kwa kila mtu chini ya paa, na choo kimoja kwa watu 20.

Kila sekta na kiongozi wake

Mageuzi makubwa zaidi yalifuata mwaka wa 2005, miezi kadhaa baada ya tsunami ya Desemba 26, 2004, iliyosababisha vifo hadi katika pwani za Somalia na Kenya. Kazi ya dharura iligawanywa katika sekta, na kila sekta ikapewa shirika la kuiongoza. Mpango huo ulijaribiwa kwanza katika tetemeko la ardhi la Pakistan, Oktoba mwaka huo.

Shirika la Afya Duniani huongoza masuala ya afya. UNICEF husimamia maji, usafi na lishe, na hushirikiana na Save the Children katika elimu. Shirika la Mpango wa Chakula Duniani husimamia uchukuzi na mawasiliano, na hushirikiana na Shirika la Chakula na Kilimo kuhusu chakula. Makao ya muda yaliwekwa chini ya Shirikisho la Kimataifa la Msalaba Mwekundu endapo chanzo ni janga la kiasili, na chini ya Shirika la Wakimbizi endapo chanzo ni vita.

Kiongozi wa sekta hana mamlaka ya kuyaamuru mashirika mengine. Yeye huyaleta mezani, husikiliza kila moja lina nini, kisha huuliza ni mtaa upi uliosahauliwa. Pengo likikosa wa kuliziba, yeye ndiye anayetarajiwa kulitafutia dawa.

Nchini Kenya, mhimili wa kazi hii ni Shirika la Msalaba Mwekundu, lililoundwa kwa sheria ya bunge mwaka wa 1965 ili kuisaidia serikali wakati wa maafa. Katiba ya 2010 iligawa jukumu la kukabiliana na maafa kati ya serikali kuu na kaunti, huku huduma za zimamoto zikiachiwa kaunti.

Funzo la 2008

Mfumo wa sekta ulianza kutumika nchini mapema mwaka wa 2008, katika ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 27, 2007. Zaidi ya watu 1,100 waliuawa. Mitaa ya Eastlands, Baba Dogo ikiwemo, haikusazwa.

Takwimu za serikali zilionyesha kuwa watu 663,921 walipoteza makao yao. Kati yao, 313,921 hawakukanyaga kambini. Walihifadhiwa na jamaa na marafiki au wakakodi vyumba kwingineko. Mahema, malori ya chakula na kamera za wanahabari vilielekezwa kambini. Waliojisitiri kwa shangazi au kwa rafiki walitoweka machoni pa mfumo, na malalamiko yao ya kusahaulika yaliendelea kwa miaka mingi.

Hilo ndilo jambo ambalo uratibu wa kimataifa haujalitatua kikamilifu mijini. Mashirika yanaweza kugawana sekta vizuri mno katika mikutano ya Gigiri, lakini yasipojua mpangaji fulani wa Baba Dogo amelala wapi usiku wa leo, mgao wake hautamfikia.

Tatizo hilo lilijitokeza tena katika mafuriko ya Machi hadi Mei 2024, yaliyosababisha vifo vya zaidi ya watu 290 kote nchini. Jijini Nairobi, Mathare na Mukuru ziliathirika vibaya. Baadhi ya shule ziligeuka makao ya muda, na ufunguzi wa muhula wa pili ukaahirishwa. Serikali iliwaamuru wakazi wa kando ya mito kuhama, na nyumba nyingi zikabomolewa. Aliyebomolewa nyumba aliweza kuwa mtaa mwingine kabla ya karani wa kumwandikisha kufika.

Fedha badala ya unga

Mabadiliko mengine ni ya namna ya kutoa msaada. Mwaka wa 2009, baada ya bei za vyakula kupanda, mashirika ya Oxfam na Concern Worldwide yalianzisha mpango wa kutuma fedha kwa familia maskini za Mukuru na Korogocho, kupitia M-Pesa. Mahali ambapo maduka yana bidhaa, fedha humwachia mwathiriwa uamuzi wa kununua chakula, dawa au kulipa kodi. Lakini asiye na kitambulisho wala laini ya simu iliyosajiliwa kwa jina lake hupata taabu kufikiwa.

Hazina nazo zimepungua. Mfuko wa dharura wa Umoja wa Mataifa ulioanzishwa 2006, na ule wa Shirikisho la Msalaba Mwekundu wa tangu 1985, hutoa fedha za haraka kabla ya wafadhili kujibu maombi. Hata hivyo, mwaka wa 2025 Marekani ilipunguza sana ufadhili wake na kulifunga shirika lake la USAID, na OCHA yenyewe ikatangaza kupunguza wafanyakazi kwa asilimia 20.

Kwa sababu hiyo, uzito wa kazi unazidi kuegemea mtaani. Mkazi aliyekumbwa na maafa anafaa kujiandikisha mapema kwa chifu, mzee wa mtaa au wahudumu wa Msalaba Mwekundu, hata kama amepata pa kulala kwa jamaa, na kueleza alikotoka na aliko sasa. Nambari ya Msalaba Mwekundu, 1199, hupigwa bila malipo. Nakala ya kitambulisho na vyeti vya kuzaliwa vya watoto zihifadhiwe mbali na nyumba. Wasimamizi wa mitaa nao wanahimizwa kuwa na orodha ya wapangaji, wagonjwa, wazee na walemavu kabla mvua haijaanza, kwani orodha inayotungwa baada ya maafa huwaacha nje wale ambao tayari wamehama.