Safu ya Lugha: Shanga za kale, kale ya nani?

Majahazi yaliyorudi Muscat na kusi kutoka Zanzibar yalipita pwani ya kijiji cha Yiti kabla ya kutia nanga, na Kiswahili kilisafiri nayo. Wengi zaidi walikileta baada ya Mapinduzi ya Zanzibar ya 1964. Kwa hiyo neno ushanga halihitaji mkalimani katika nyumba nyingi za Muscat.

Ushanga mmoja, shanga nyingi. Ila mazungumzoni ushanga huwa uzi mzima, na wa kiunoni ni utunda. Biashara iliongeza majina. Msafiri Mwingereza Richard Burton, katika kitabu chake cha 1860, alitaja samesame, ushanga mwekundu wenye moyo mweupe, uliopewa pia majina ya kumaliza chakula na kuvunja miji. Waliotunga majina hayo, nahisi, ni waume waliotakiwa kulipa.

Ushanga wa mozaiki haukupata jina tamu hivyo. Fundi hufunga pamoja fito za kioo za rangi mbalimbali, huzipasha moto zishikamane, huzivuta ziwe nyembamba, kisha huzikata. Kila kipande hutoka na ua lilelile. Mafundi wa Misri na Roma waliijua kazi hii miaka 2,000 iliyopita. Wale wa Murano, Venice, waliifufua, na katika karne ya 19 shehena zao zilijaa Afrika.

Basi mkusanyaji akiuziwa “shanga za kale”, aulize kale ya nani. Za Venice ningeziita za zamani tu. Neno kale ningeliwekea zilizofukuliwa ardhini, kama shanga za kioo za mji wa Shanga, kisiwani Pate, alikochimba mwanaakiolojia Mark Horton miaka ya 1980.