Hesabu ya Upepo: Siku za Mgeni Kilwa

Wageni wanaoshuka basi Kilwa Masoko huniuliza swali lile lile: siku moja inatosha? Wametoka Dar es Salaam alfajiri, wamekata kona ya Nangurukuru, wanataka wavuke kwenda Kilwa Kisiwani, wapige picha msikitini na kwenye ngome ya Gereza, kesho yake wawe njiani kuelekea Lindi na Mtwara. Mimi ni mzaliwa wa Kilwa Kivinje. Nimefundisha historia katika wilaya hii hadi nikastaafu, na marehemu baba alikuwa nahodha wa jahazi la boriti, kwa hiyo jibu langu huwa refu kuliko wanavyotarajia. Huwaambia kwamba kwa karne nyingi mgeni hakujichagulia siku za kukaa Kilwa. Alipangiwa na upepo. Na mji wenyewe, kuanzia nyumba zake hadi damu ya watu wake, umetokana na kule kungoja.

Kaskazi huanza kuvuma Novemba au Disemba na kushika hadi Machi. Ndiyo iliyoleta vyombo kutoka Hadhramaut, Oman, Ghuba ya Uajemi na Gujarati. Masika yakiingia upepo hugeuka, kusi ikaanza, na vyombo vikaelekeza omo kaskazini. Lakini kusi ya Juni na Julai si ya kuchezea. Bahari huchafuka mpaka bandari za upande wa magharibi wa Bara Hindi zilikuwa zikifungwa. Mfanyabiashara basi alikuwa na nafasi mbili tu za kuondoka: Aprili na Mei, kusi ingali changa, au Agosti na Septemba, inapopoa na watu wa pwani wakaita demani. Aliyetia nanga Kilwa mwezi wa Februari alikuwa na wiki chache za kuuza na kununua. Mzigo ukichelewa, au deni lisipolipwa, miezi minne mingine ilikuwa mbele yake.

Kilwa iko karibu na ukingo wa safari hiyo. Chombo kilichotoka Arabuni kiliweza kufika hapa na kurudi ndani ya mwaka mmoja. Kikiteremka zaidi, hadi Sofala kwenye dhahabu iliyotoka nyanda za Zimbabwe, nahodha alijua kwamba mwaka ule hatarudi kwao. Hapo ndipo Wakilwa walipopata riziki yao kubwa. Wao ndio waliokwenda Sofala kwa vyombo vyao, wakaileta dhahabu na pembe za ndovu, na mgeni akavikuta vimeshafika. Watu husifu bandari yetu kwa kina chake na jinsi ilivyojificha nyuma ya visiwa, na ni kweli ni bandari njema. Lakini bandari njema ziko nyingi kusini zaidi, na hazikupata utajiri huo, kwa kuwa upepo haukumruhusu mgeni kufika huko akarudi kwa wakati.

Ibn Battuta alikuja mwaka 1331, zamani za Sultani al-Hasan bin Sulaiman, aliyepewa lakabu ya Abu al-Mawahib kwa ukarimu wake. Mombasa msafiri huyo alilala usiku mmoja tu. Kilwa alikaa vya kutosha kumjua sultani, kumwona akikutana na fakiri kutoka Yemen na kumvulia nguo alizovaa, na kusikia kwa mfanyabiashara kwamba Sofala ni mwendo wa nusu mwezi. Kisha akapanda chombo hadi Dhofar. Safari hiyo inahitaji kusi. Ukipiga hesabu kwa kalenda ya pepo unapata mtu aliyeshuka na kaskazi akaondoka kusi ilipoanza, kama walivyofanya wafanyabiashara aliosafiri nao.

Mgeni wa namna hiyo alilala wapi, na kwa nani? Ibn Battuta ametuachia maelezo mazuri ya Mogadishu, alikopita kabla ya kufika kwetu. Chombo kikitia nanga, vijana wa mji walikizunguka kwa mashua ndogo wakiwa na sinia za chakula, kila mmoja akimkabidhi mfanyabiashara mmoja na kutangaza kwamba huyu ni mgeni wangu. Tangu hapo mgeni alikaa nyumbani kwa mwenyeji wake, naye mwenyeji ndiye aliyemuuzia na kumnunulia. Kwa Kilwa hakuandika hivyo, lakini nyumba zetu zinazungumza. Nenda Songo Mnara, mji ulioshamiri kuanzia mwishoni mwa karne ya 14, uingie nyumba yoyote kubwa. Unaingia kwanza kwenye ua ulioshushwa chini, wenye ngazi za mawe upana wa kukaa watu. Hapo ndipo mgeni alipopokelewa. Ndani zaidi ziko kumbi ndefu nyembamba moja nyuma ya nyingine, upana wake ukipimwa kwa urefu wa boriti za mikoko, na vyumba vya mwisho ni vya wenye nyumba. Ukipapasa ukingo wa mlango kwa kidole utakuta matumbawe yaliyochongwa yangali laini, kwa sababu fundi aliyachonga yakiwa yametoka majini, hayajakauka na kuwa magumu. Nyumba kama hizo zilijengwa na watu waliojua kwamba mgeni wao hataondoka kesho.

Husuni Kubwa, kasri ya al-Hasan bin Sulaiman juu ya jabali mashariki ya mji, inasema hivyo hivyo kwa kiburi zaidi. Ina vyumba zaidi ya 100, birika la pembe nane lililotazama bahari, na upande wa kusini ua mpana uliozungukwa na vyumba ambavyo Neville Chittick, aliyeifukua miaka ya 1960, aliviona kuwa vya biashara na ghala. Sultani aliwaweka wafanyabiashara na shehena zao chini ya dari yake mwenyewe. Kasri hiyo haikukamilika wala haikukaliwa muda mrefu. Mimi huwapeleka wageni huko jioni, jua likiwa upande wa bara, na huwaomba wakae kwenye kingo za birika kabla hatujaanza kuzungumza habari za tarehe.

Wako waliongoja wakabaki moja kwa moja. Habari za Kilwa zilizoandikwa kwa Kiarabu zinasimulia kwamba Ali bin al-Hasan alikuja kutoka Shiraz akakinunua kisiwa kwa nguo, na bei ilikuwa nguo za kutosha kukizunguka kisiwa chote. Mwenye kisiwa akazichukua akaenda zake bara. Hadithi hiyo tuliisikia utotoni, na kwa muda mrefu ilisomwa kana kwamba mji mzima uliletwa na jahazi. Ardhi haikubali. Chini ya kuta za mawe yamekutwa makazi ya tangu karne ya 9, ya wavuvi na wafua chuma waliojenga kwa miti na udongo na kufinyanga vyungu vyao wenyewe. Mwaka 2023 jarida la Nature lilichapisha uchunguzi wa DNA ya watu 80 wa kale, wengi wao kutoka miji ya pwani, Kilwa na Songo Mnara ikiwamo. Kwa wengi wao, upande wa mama ulikuwa wa Kiafrika na upande wa baba mara nyingi wa Kiajemi, na kuchanganyika huko kulianza mnamo mwaka 1000. Nilipousoma sikushangaa. Mwanamume amekaa nyumbani kwa watu miezi mingi, anakula chakula chao, anaswali nao, mwakani anarudi nyumba ile ile. Atapewa mke. Na watoto wake watazungumza lugha ya mama.

Kungoja hakukuwa kukaa bure. Baba alitufundisha hilo ufukweni Kivinje. Chombo kilipandishwa maji ya bamvua yakiwa yamejaa sana, kikaegemezwa kwa magogo, na maji yakishapwa kazi ikaanza: kuchoma makombe yaliyoganda chini kwa moto wa makuti, kupiga kalafati kila ungo, yaani kushindilia pamba yenye mafuta kwenye nafasi za mbao kwa nyundo na patasi butu, mlio wake ukisikika mji mzima. Mwisho ni deheni, shahamu na chokaa zilizopondwa pamoja hadi zikawa uji mzito, zikapakwa kwa mkono, si kwa brashi, kwa sababu mkono ndio unaojua palipo na ufa. Haya yote hutegemea mwezi. Ukikosa bamvua hii, ungoje nyingine baada ya nusu mwezi. Wanawake nao walikuwa na kazi yao. Kisiwani vimeokotwa vigae vingi vya duara vilivyotobolewa katikati, ambavyo ni vya kusokotea pamba. Nguo iliyofumwa hapa iliuzwa pamoja na ile iliyotoka Gujarati.

Wageni waliokataa kungoja tumewajua pia. Mreno Vasco da Gama alipita Aprili 1498 akashindwa kuingia, upepo na mkondo vikamsukuma hadi Mombasa. Alirudi 1502 na mizinga, akamlazimisha Amir Ibrahim kulipa kodi kwa dhahabu. Julai 1505 akaja Mreno mwenzake Francisco de Almeida, akauteka mji, askari wake wakaupora nyumba kwa nyumba, akajenga ngome na kumweka Muhammad Ankoni juu ya kiti. Yeye mwenyewe hakukaa hata mwezi. Askari aliowaacha walikaa hadi 1512, wakaondolewa kwa sababu Kilwa haikuwa ikilipa tena. Ingelipaje? Wafanyabiashara walikuwa wamehamisha mizigo yao kwenye bandari ambako mgeni bado alikuwa mgeni. Ngome hiyo ilijengwa upya baadaye zamani za Waomani, na ndiyo Gereza unayoiona ukikaribia kwa mashua.

Kuna wengine waliongojeshwa Kilwa, nao sikubali kuwapita haraka. Mwaka 1776 Mfaransa Morice alitia saini mkataba na Sultani Hasan bin Ibrahim wa kuuziwa watumwa 1,000 kila mwaka, kwa piastre 20 kila mmoja, wapelekwe visiwa vya mashamba vya Wafaransa. Karne ya 19 biashara hiyo ikahamia bara, Kivinje, mwisho wa njia ya misafara kutoka Ziwa Nyasa. Miaka ya 1860 watu takribani 20,000 kwa mwaka walipakiwa hapo kwa majahazi, wengi wao kwenda Unguja. Walikuwa wametembea kwa miguu wakiwa wamefungwa, wakafika ufukweni, wakakalishwa hadi chombo na upepo vipatikane. Mwaka 1864 Sultani wa Unguja, Seyyid Majid, alipiga marufuku kusafirisha watumwa kuanzia Januari hadi mwisho wa Aprili, miezi ambayo majahazi ya Arabuni yalikuwa yamejaa huku. Aliifunga biashara kwa kalenda ya kaskazi. Hata hivyo haikukoma, kwani miezi iliyobaki ilitosha. Bahari ilifungwa kabisa kwa mkataba wa 1873, na misafara ikapigwa marufuku 1876. Mimi nimekulia kwenye ufukwe huo. Nyumba zenye milango ya nakshi ambazo wageni huzipiga picha zilijengwa kwa fedha hiyo, na mwongoza wageni anayewapitisha hapo bila kuwaambia amewadhulumu wao na waliokufa.

Hesabu ya leo ni nyepesi. Daraja la Mkapa lilipofunguliwa Rufiji mwaka 2003 watu waliacha kulala Ndundu wakisubiri kivuko, na sasa asubuhi Dar es Salaam, mchana Masoko. Anga bado ina kauli yake lakini. Mei 2024 Kimbunga Hidaya kilipopita, barabara ilikatika huko Somanga, na wasafiri wa kusini wakakwama upande huu na upande ule.

Kwa hiyo ukiniuliza, nakwambia ulale siku tatu. Usije Aprili, mvua ya masika itakufungia ndani. Njoo Septemba, bahari ikiwa imetulia. Siku ya kwanza chukua kibali Masoko, uvuke Kisiwani asubuhi, Msikiti Mkuu kabla jua halijapanda juu ya kuba zake, kisha utembee hadi Husuni Kubwa usubiri jioni. Siku ya pili ni ya Songo Mnara, na hapo maji ndiyo yatakayokupangia. Mwulize nahodha tangu usiku maji yanajaa saa ngapi, kwa maana ukifika yamekupwa utashuka mbali na kupita kwenye tope la mikoko hadi magotini. Siku ya tatu njoo Kivinje. Ufike mapema, wavuvi wanapopandisha samaki, upite barabara ya zamani ya maduka ya Wahindi, uende hadi penye mnara wa kumbukumbu ya Makunganya na wenzake walionyongwa na Wajerumani mwaka 1895. Ukimaliza, teremka ufukweni. Jahazi moja au mawili huwa yamepandishwa pale, na mafundi hawakatai mtu anayetaka kukaa kivulini kuwatazama wakipiga kalafati.