Kifo cha Nyasi: Riwaya iliyotangulia maradhi ya mahindi Bomet

MWAKA 1956 mwandishi Mwingereza John Christopher alichapisha riwaya ya kisayansi iitwayo The Death of Grass, yaani kifo cha nyasi. Nchini Marekani ilitoka kwa jina la No Blade of Grass, na mwaka 1970 ikageuzwa filamu chini ya uongozi wa Cornel Wilde. Mandhari yake ni Uingereza ya miaka michache baada ya Vita Vikuu vya Pili. Hata hivyo, mkulima wa Bomet au Kericho akisimuliwa kisa chake hatakiona kuwa kigeni.

Jina halisi la mwandishi huyo lilikuwa Samuel Youd. Alizaliwa Lancashire mwaka 1922, akafariki mwaka 2012. Alitumia majina mengi ya kupanga. Hadithi zake za upelelezi alizitia jina la Peter Graaf, ilhali vijana walimfahamu zaidi kwa mfululizo wa The Tripods, ulioanza kutoka mwaka 1967. Mkono wake wa mtunzi wa hadithi za taharuki unaonekana wazi katika The Death of Grass. Maelezo ya sayansi ni machache, na hofu imetanda kila ukurasa.

Kisa chaanzia Uchina, ambako kirusi kipya kinaangamiza mpunga na watu wanakufa njaa kwa mamilioni. Waingereza wanazisoma habari hizo magazetini, wanasikitika, kisha wanaendelea na chakula chao. Wanasayansi wanapata dawa. Lakini dawa hiyo inaua aina za awali za kirusi na kuiachia uwanja aina nyingine iliyokuwa imejificha, nayo haichagui: ngano, shayiri na malisho ya mifugo, vyote vyakauka. Mhandisi John Custance, baada ya kudokezwa na rafiki yake aliye serikalini kuwa kuna mpango wa kuilipua miji mikubwa ili kupunguza midomo ya kulishwa, anaikimbia London pamoja na jamaa zake. Anaelekea kaskazini, kwenye bonde la ndugu yake David, ambaye kwa busara ya mkulima amekwisha kupanda viazi. Njiani wanaua askari kizuizini, kisha wanaua watu wasio na hatia shambani mwao kwa sababu ya chakula. Wafikapo, bonde haliwezi kuwapokea wote. Linatwaliwa kwa bunduki, na David anapoteza maisha.

Msingi wa hofu hiyo ni jambo ambalo wengi hawalifikirii. Mahindi, ngano, mpunga, mtama, wimbi, miwa na hata nepia wanayolishwa ng'ombe ni mimea ya jamii moja, jamii ya nyasi. Ugali, au kimyet kama Wakipsigis wauitavyo, hutokana nayo, na maziwa ya mursik pia, kwa kuwa ng'ombe hula nyasi. Mchai si wa jamii hiyo. Kirusi cha riwayani kingepita Kericho kisingegusa hata jani moja la chai, na vilima vingebaki na kijani kile kile huku vyungu vikiwa vitupu.

Septemba 2011, wakulima wa tarafa ya Longisa, Bomet, waliona majani ya mahindi yakigeuka manjano na kukauka kutoka ukingoni kuelekea katikati. Mashina yalikufa kabla ya kubeba, au yakatoa magunzi yasiyo na punje. Wenyeji waliyaita maradhi hayo koroito, yaani tauni. Yalianza maeneo ya chini ya eneo hilo, mita 1,900 hivi juu ya usawa wa bahari. Kufikia Machi 2012 yaliripotiwa hadi mita 2,100, baada ya kuingia pia Narok na Naivasha. Kwa mwaka huo wa 2012, ilikadiriwa kuwa hekta 77,000 za mahindi ziliathirika nchini Kenya, hasara ya takriban dola milioni 52 za Marekani.

Uchunguzi wa maabara ulibainisha kuwa huo ulikuwa ugonjwa wa kufisha mahindi, ambao Marekani iliutambua katika jimbo la Kansas miaka ya 1970. Hapa ndipo ukweli unapoikaribia riwaya kwa namna ya kushangaza. Koroito haisababishwi na kirusi kimoja bali viwili vinavyosaidiana. Kimoja, kile cha batobato la miwa, kilikuwa kimeishi Kenya kwa miaka mingi bila kuzua balaa. Cha pili, kile cha mabaka ya mahindi, kilikuwa mgeni. Vilipokutana ndani ya shina moja, shina likafa. Mgeni huyo huenezwa na thripsi, wadudu wadogo mno, na pia kupitia mbegu. Mwenyeji huenezwa na vidukari.

Mwandishi alikosea, ama tuseme alizidisha chumvi, kuhusu watu. Bomet hakuna aliyeshika bunduki kuteka bonde la jirani. Wakulima walishauriwa kung'oa na kuharibu mimea iliyougua, kutorudia mahindi msimu baada ya msimu, na kupanda viazi, maharagwe na mboga. Ushauri ambao David Custance angeuelewa mara moja. Hiyo haikuwa faraja ndogo, lakini haikuwa rahisi pia. Mwenye kishamba cha ekari moja, nusu chai na nusu mahindi, hubaki na chai ambayo hailiwi, na bonasi ambayo huja mara moja kwa mwaka, ilhali unga hununuliwa kila juma.

Wala hapakuwa na lango la kufunga, kama lile la bonde la riwayani. Maradhi yalithibitishwa Tanzania na Uganda mwaka 2012, Rwanda na Kongo mwaka 2013, Ethiopia mwaka 2014. Mnamo Septemba 2013, shirika la utafiti wa kilimo la Kenya na kituo cha kimataifa cha mahindi na ngano, CIMMYT, walizindua kituo huko Naivasha ambako mimea huambukizwa kwa makusudi ili kutafuta aina inayostahimili. Tangu hapo, maelfu ya aina za mahindi yamepandwa humo, na nyingi zimekufa. Chache zilizosalia ndizo zilizozaa mbegu mpya zinazouzwa kwa wakulima wa eneo hili.